Muulize Fundi: Mwanangu analipiwa na jeshi la ng'ambo, anatengeneza nini?

Barua za mwezi huu ni nne, na zote zimegusa jambo moja: mawimbi ya redio yanapogeuzwa kuwa silaha. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu mama aliyeiandika anakosa usingizi.

Assalaam alaikum Fundi. Ninauza vitumbua na samaki wa kukaanga hapa Lindi mjini. Mwanangu wa pili anasoma shahada ya pili ya uhandisi wa umeme Marekani. Juzi kwenye simu ameniambia ada na posho yake zinatoka kwenye mkataba wa profesa wake na jeshi la anga la huko, na wanachotafiti ni "maikrowevu ya nguvu kubwa". Nikamuuliza kama ni ile ya kupashia chakula, akasema ni ndugu yake, ila hii inaangusha droni. Kaka yake mkubwa anasema hayo ni mabomu. Mwanangu anatengeneza nini? Na hela anayonitumia naila vipi?
*Mama, Lindi*

Waalaikum salaam mama. Mwanao amekwambia kweli, kwamba ni ndugu yake. Ninapoandika haya, mezani kwangu kuna maikrowevu ya nyumba moja ya wageni ya huku Mtwara, haipashi. Nimefungua kifuniko. Ndani kuna kapasita yenye umbo la kopo lililobanwa, nayo hubeba umeme wa volti 2,000 na ushee hata baada ya plagi kuchomolewa. Kijana ninayemfundisha kazi aliwahi kuigusa na bisibisi kabla sijaikausha umeme. Ulitoka mlio kama wa fataki, na ncha ya bisibisi ikabaki na kidonda cheusi. Ile bisibisi nimeitundika ukutani, na kila anayeanza kazi hapa namwonyesha kwanza.

Pembeni ya kapasita kuna kitu chenye ukubwa wa ngumi, kina mapezi ya alumini na sumaku mbili za duara. Hiyo ni magnetroni, na ndiyo inayozaa mawimbi. Mama, kifaa hiki kimezaliwa vitani. Waingereza wawili, John Randall na Harry Boot, walitengeneza magnetroni yenye nguvu ya kutosha kwa rada mwaka 1940 katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Mwaka huo huo ikavushwa bahari kwenda Marekani ili viwanda vya kule viizalishe kwa wingi. Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon iliyokuwa na mikataba ya rada, mwaka 1945 alikuta peremende iliyokuwa mfukoni mwake imeyeyuka aliposimama karibu na magnetroni. Maikrowevu za majumbani zimetokea hapo. Kwa hiyo anayepasha wali kwa kifaa hiki leo anatumia tunda la mkataba wa kijeshi.

Sasa kazi ya mwanao. Maikrowevu ya nyumbani hutoa kama wati 800, mfululizo, ndani ya sanduku la chuma. Silaha wanayoitafiti hutoa mpigo mmoja mkali sana kwa muda mfupi mno. Tuchukue wati bilioni moja kwa sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Ukipiga hesabu, nishati yote iliyotumika ni joule 100, sawa na balbu ya wati 100 ikiwaka sekunde moja tu. Umeme wa kuwasha balbu jikoni kwako umebanwa ukatoka wote kwa pamoja. Ugumu wote wa utafiti huu uko kwenye kubana huko. Mjerumani Erwin Marx alionyesha njia moja mwaka 1924: jaza kapasita nyingi zikiwa ubavu kwa ubavu, kisha kwa cheche uziunganishe ghafla zifuatane kama mabehewa, na volti zake zijumlike. Maabara za leo bado zinatumia mtambo wenye jina lake.

Mpigo huo ukimfikia droni, huingia kwa milango miwili, na wataalamu wenyewe wanaiita hivyo hivyo: mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Mlango wa mbele ni antena, pale droni inaposikilizia amri za mwendeshaji. Mlango wa nyuma ni kila ufa: waya wa mota, tundu la kuchajia, mshono wa plastiki. Waya wowote ulio wazi huwa antena bila kupenda. Ninyi wa Lindi mmeliona hili masika. Radi hupiga mnazi wa jirani, haikugusa nyumba yako hata kidogo, lakini runinga imekufa kwa sababu waya wa antena juu ya bati uliupokea ule mshtuko. Nimefungua runinga nyingi za namna hiyo. Kwa macho zinaonekana nzima kabisa, hakuna kilichoungua, ila kichipu kimoja cha mapokezi hakijibu tena. Droni nayo hubanwa hivyo hivyo: chipu zake huchanganyikiwa au kufa, na yenyewe huanguka.

Haya siyo mambo ya ahadi tu. Jeshi la anga la Marekani lilitengeneza mtambo uitwao THOR, uliojaribiwa katika kambi ya Kirtland, New Mexico. Unakaa ndani ya kontena la futi 20, kama yale yanayopakiwa korosho bandarini kwetu. Mwaka 2022 jeshi hilo liliipa kampuni ya Leidos mkataba wa dola milioni 26 kutengeneza mrithi wake. Januari 2023 jeshi la nchi kavu likaipa kampuni ya Epirus dola milioni 66.1 kwa mitambo minne ya majaribio, ambayo haitumii magnetroni bali transista nyingi, yaani swichi ndogo za kielektroniki, za galiamu nitraidi zinazosukuma kwa pamoja. Uingereza ilitangaza mwaka 2025 kwamba mtambo wake, uliogharimu serikali pauni milioni 40, umeangusha droni zaidi ya 100 katika majaribio, na kila mpigo unagharimu peni 10. Hapo ndipo penye sababu ya fedha hizi zote. Droni ya bei ya pikipiki imekuwa ikiangushwa kwa kombora la mamilioni ya dola, na hakuna hazina inayoweza kuvumilia hesabu hiyo muda mrefu.

Tuje kwenye mkataba wenyewe. Neno "mkataba wa jeshi" linameza vitu vingi. Wizara ya ulinzi ya Marekani hugawa fedha za utafiti kwa namba. 6.1 ni utafiti wa msingi: kuelewa jinsi kitu kinavyokwenda, bila silaha yoyote mezani. 6.2 ni kutafuta matumizi yake. 6.3 ni kuunda mfano na kuujaribu uwanjani. Vyuo vikuu huishi zaidi kwenye 6.1, na kampuni hushika zile za juu. Tangu Septemba 1985 serikali ya huko ina agizo kwamba matokeo ya utafiti wa msingi yabaki wazi kwa kadiri iwezekanavyo, yachapishwe, kila mtu ayasome. Kazi iliyofungwa kwa sheria za usafirishaji wa silaha ni jambo lingine. Mgeni haingizwi humo bila kibali maalumu, na kijana wetu mwenye pasipoti ya Tanzania ni mgeni.

Kwa hiyo muulize mwanao swali moja: "Kazi yako unaruhusiwa kuichapisha kwa jina lako?" Akijibu ndiyo, yuko kwenye elimu. Anapima jinsi mpigo unavyopenya kwenye waya, au jinsi hewa inavyopasuka cheche kabla ya wakati, na elimu hiyo hiyo inakinga hospitali isizimwe na radi. Siku atakayokwambia sasa hawezi kueleza anachofanya, ujue amevuka kizingiti, na hapo ndipo mzazi anapaswa kukaa na mtoto na kuzungumza.

Mkataba wa utafiti haulipwi kama wa kujenga choo cha shule. Ukiniletea redio iliyonyeshewa siwezi kukutajia bei nikiwa sijaifungua, kwa sababu sijui nitakuta nini. Ndiyo maana serikali mara nyingi hulipa gharama halisi, kisha huongeza malipo yaliyopatanwa. Posho ya mwanao iko ndani ya zile gharama, pamoja na umeme wa maabara na chuma cha mitambo. Ni ujira wa kazi ya mikono yake. La halali na haramu kamuulize shehe wako, mimi nasema la ufundi tu. Lakini kwa moyo wangu, mtoto anayeamka alfajiri kupima volti na kumkumbuka mama yake mwisho wa mwezi, hela yake ningeila.

Sitakuficha linalonitia hofu. Mpigo hauchagui. Oktoba 2012, katika jangwa la Utah, kampuni ya Boeing na jeshi la anga walirusha kombora lisilo na baruti lililopita juu ya jengo na kuzima kompyuta zilizokuwa ndani. Kamera zilizowekwa kurekodi jaribio nazo zikazimika. Watu walilisifu kwamba halikuua mtu. Mimi nilifikiria wodi ya watoto njiti yenye mashine za joto, na pampu ya maji ya mji mzima. Silaha isiyomwaga damu papo hapo inaweza kuimwaga saa sita baadaye, gizani. Mwambie mwanao fundi mmoja wa Mtwara anamwomba, akikaa na maprofesa wake, alitaje hilo la wodi.

Na mwambie Lindi siyo mgeni wa mambo haya. Agosti 1914 manowari ya Waingereza iliupiga mnara wa redio wa Wajerumani Dar es Salaam ili meli zao zikose mawasiliano. Oktoba mwaka huo Waingereza wakaipekua meli ya Wajerumani, Präsident, iliyokuwa imejificha hapo Lindi, na makaratasi waliyoyakuta humo yakaonyesha makaa ya mawe yalikuwa yakipelekwa Rufiji, kwenye maficho ya manowari yao Königsberg. Mwaka uliofuata ndege ya Waingereza iliyozunguka juu ya delta ya Rufiji ikawaelekeza wapiga mizinga wao kwa redio, Königsberg ikaisha. Kunyang'anyana masikio ya redio kumefanyika kwenye pwani yako kabla babu yangu hajaoa.

Shikamoo babu Fundi. Niko kidato cha tano Nachingwea, mchepuo wa PCM. Je, hayo maikrowevu ya jeshi yanaweza kumpika mtu?
*Mwanafunzi wa fizikia*

Marahaba mjukuu wangu. Usichanganye vitu viwili. Mitambo ya kuangusha droni inalenga saketi. Mpigo wake ni mfupi mno kiasi kwamba jumla ya joto linalofika kwenye mwili ni dogo, ingawa hakuna mwenye akili atakayekubali kusimama mbele yake. Kuna kingine walichokitengeneza Wamarekani kwa ajili ya kutawanya watu, chenye mawimbi ya gigahezi 95. Hayo hayapiti ngozi, huishia chini ya nusu milimita, na mtu huhisi kama amefunguliwa mlango wa tanuri usoni, akakimbia. Kilipelekwa Afghanistan mwaka 2010 kikarudishwa bila kutumika. Tofauti iko kwenye urefu wa wimbi. La maikrowevu ya jikoni ni sentimita 12, linazama ndani ya nyama na viazi. La gigahezi 95 ni kama milimita tatu, linaishia juu.

Chukua rula yako. Pima matundu ya wavu ulio kwenye kioo cha mlango wa maikrowevu, utakuta milimita moja au mbili. Wimbi la sentimita 12 halipiti hapo, ila mwanga unapita, ndiyo maana unaona chakula kikizunguka na wewe huungui. Jiulize sasa wimbi la milimita tatu lingefanya nini kwenye wavu huo huo, uniandikie jibu lako pamoja na hesabu.

Fundi, mimi ni mwalimu, Masasi. Kuna kijana anauza kifaa cha kuzima mtandao wa simu, nikiweke kwenye chumba cha mtihani. Ninunue?

Usinunue, mwalimu wangu. Kifaa hicho kinapiga kelele kwenye masafa ambayo kampuni za simu zimepewa kwa leseni na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kelele haikomi kwenye ukuta wa darasa. Mjamzito aliye nyumba ya tatu akitaka kumwita bodaboda usiku, simu yake haitapata mnara. Weka kapu mlangoni, kila mtahiniwa aache simu yake humo.

Kaka Fundi, habari za kazi. Mimi ni mvuvi wa dagaa, Msimbati. Jipiesi (GPS) ya boti yetu inapotea usiku tukiwa nje, upande wa mdomo wa Ruvuma. Tukirudi asubuhi inafanya kazi. Wenzangu wanasema ni wanajeshi wa ng'ambo ya mpaka wanavuruga mawimbi kwa ajili ya vita vya Cabo Delgado, Msumbiji. Tuache kwenda upande ule?
*Nahodha*

Nzuri kaka, na pole kwa hofu ya gizani. Wenzako hawajatunga jambo lisilokuwepo duniani. Juni 2017, kwenye Bahari Nyeusi karibu na Novorossiysk, meli zisizopungua 20 zilijikuta vifaa vyao vikisema ziko uwanja wa ndege, nchi kavu. Mtu alikuwa akizirushia ishara za uongo. Jambo hilo ni jepesi kwa sababu ishara ya jipiesi ni dhaifu mno. Setilaiti iko kilomita 20,200 juu, na inachorusha ni wati za balbu chache. Ikifika kwenye boti yako, chukua wati moja uigawe mara milioni mia moja, kisha kipande kimoja ukigawe tena mara milioni mia moja. Hicho ndicho kifaa chako kinachokisikiliza. Ni kama kumsikia mtu anayenong'ona Mikindani ukiwa umesimama Msimbati. Mfumo wenyewe ni wa jeshi la Marekani, na mpaka Mei 2000 walikuwa wakiipunguzia makali kwa makusudi ile ishara ya raia.

Ila uliponiletea kifaa chenyewe, ulikuja pia na taa zako za kuvutia dagaa, betri, na ile chaja ya kushusha volti 12 kuwa 5 mnayochajia simu zote za wafanyakazi. Nashukuru ulivileta vyote. Tuliviweka uani, penye anga wazi, chini hakuna mti. Jipiesi peke yake ilishika setilaiti tisa ndani ya dakika mbili. Tukawasha taa, zikabaki saba. Ulipochomeka chaja, nawe uliona kwa macho yako: ile mistari ya kijani ikaanguka mmoja mmoja, zikabaki tatu, kisha maandishi ya kutafuta. Ulipochomoa, zikarudi. Ulirudia mara nne kwa mkono wako mwenyewe.

Aliyekuvuruga ni chaja. Ndani yake kuna swichi ya kielektroniki inayokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kwenye hizi za bei rahisi wameondoa vile vichujio vya kuzuia kelele isitoke. Waya wake ulikuwa umefungwa pamoja na waya wa antena ya jipiesi kwa gundi nyeusi, urefu wa dhiraa nzima. Huo ndio mlango wa nyuma niliomweleza mama wa Lindi hapo juu, na hapa hakuna jeshi. Taa za LED nazo zina tabia hiyo. Mwaka 2018 walinzi wa pwani wa Marekani waliwatahadharisha wenye vyombo kwamba taa za namna hiyo zinaziba redio za VHF. Mchana hamchaji wala hamwashi taa, ndiyo maana asubuhi kila kitu ni kizima.

Nimetenganisha zile waya, nimekuwekea pete ya feraiti, ile ya kumeza kelele, kwenye waya wa chaja na nyingine kwenye waya wa taa. Antena ipande juu ya mlingoti mfupi, mbali na betri. Ukifika mnapotega, tia nanga, zima vyote, subiri jipiesi itulie, halafu washa kimoja kimoja huku mwenzako anahesabu setilaiti kwa sauti. Kinachozishusha ndicho mwizi wako. Na kama siku moja umezima kila kitu, hata simu, anga ni nyeupe na bado hazionekani, andika saa na mahali kwenye daftari, waulize wa boti ya jirani kama nao wamepotelewa, kisha mpeleke daftari hilo ofisi ya bandari mkiwa mmeongozana. Dira yako ya sumaku niliikuta chini ya nyavu, kioo kimejaa chumvi. Nimeisafisha, iko kwenye mfuko ule ule wa taa.